Jokofu la Safarini: Hesabu Kwanza, Duka Baadaye

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli, kwa kuwa akiba waliyoikusudia ni ya nafaka na ya fedha. Lakini akiba ya nyama, ya maziwa na ya samaki huoza, tena huoza upesi, na upesi zaidi ikiwa ndani ya gari lililosimama juani. Basi mtu atakaye kusafiri siku nyingi na ahali yake, naye akachukua chakula chake pamoja naye, hana budi kuwa na jokofu, ndilo friji kwa lugha ya wengi. Na mwenye jokofu hana budi kuwa na nguvu ya kuliendesha. Mambo haya mawili ni kama kinu na mchi: kimoja bila cha pili hakitwangi.

Katika makala hii twataka kuwaeleza wasomaji wetu, khasa jamaa zetu wanaokaa Marekani na vijana wanaojiandaa kwa safari za likizo, jinsi ya kuchagua jokofu na chanzo cha umeme kwa lile gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko na choo. Huko kwao hujulikana kwa herufi mbili, RV. Sisi hapa tutaliita gari-nyumba, liwe lenye injini yake au liwe la kuvutwa nyuma ya gari jingine.

Nyumba juu ya magurudumu

Jambo hili si geni Marekani. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha mjini New York gari lililotengenezwa kwa ajili ya kusafiria na kulala. Leo kitovu cha kazi hiyo ni mji wa Elkhart, katika jimbo la Indiana. Wala Afrika haikuachwa nyuma: katika mwaka 1959 hadi 1960 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa magari-nyumba ya kuvutwa kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapita Ethiopia.

Kwa Mwislamu jokofu la safarini lina haja ya ziada. Katika miji mikubwa ya Marekani mabucha ya halali yapo. Lakini ukishaingia katika mabonde na majangwa ya magharibi, kwenye vijiji vilivyo kando ya njia kuu, ni nadra kuliona moja. Aila itokayo Columbus, Ohio, kwenda kutazama bonde la Grand Canyon yaenda zaidi ya kilomita 2,500 kwa upande mmoja. Nyama yao ni ile waliyoitia ndani ya gari siku ya kuondoka. Ikiharibika siku ya tatu, watakula mikate na mayai hadi warudi. Huo ni udhia, si msiba. Lakini ikiwa pamoja nao yuko mtoto anywaye maziwa ya chupa, au bibi mwenye maradhi ya sukari achomaye sindano za insulini, hapo jokofu haliwi tena jambo la anasa.

Kipimo cha ubaridi

Kabla ya kuzungumza habari za majokofu, yatupasa tujue tunatafuta nini. Idara ya Kilimo ya Marekani yafundisha kwamba chakula kiwekwe katika ubaridi usiozidi digrii 4 za Selsiasi, na friza iwe digrii 18 chini ya sifuri. Kati ya digrii 4 na digrii 60 vijidudu huzaana kwa kasi. Chakula kiharibikacho kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili. Na kukiwa na joto la kupita digrii 32, isizidi saa moja. Ama insulini ambayo haijafunguliwa, huhifadhiwa kati ya digrii 2 na 8, nayo ikiganda kwa barafu haifai tena. Kwa hiyo isiwekwe karibu na friza wala igusane na ukuta wa nyuma wa jokofu.

Kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya jokofu ni cha bei ndogo, na faida yake ni kubwa. Mkono wa mtu haujui tofauti ya digrii 4 na digrii 9, kipimajoto chaijua.

Aina tatu za majokofu

Aina ya kwanza ni jokofu la moto. Msomaji asistaajabu: moto huweza kuleta baridi. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Chuo cha Ufundi cha Kifalme mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walivumbua jokofu lisilo na mota. Ndani ya mabomba yake yaliyozibwa mna maji, amonia na haidrojeni. Mwali mdogo wa gesi huuchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa nyuma ya jokofu ikawa majimaji, kisha hukutana na haidrojeni ikageuka mvuke tena, na katika kugeuka huko hunyonya joto lililomo ndani ya jokofu. Mwisho hurudi kuingia katika maji, na mzunguko huanza upya. Ni siri ile ile ya mtungi wetu wa udongo: maji yatokayo jasho juu ya ubavu wake hugeuka mvuke, na yaliyomo ndani yakapoa.

Sifa ya jokofu hili ni kwamba halina kelele, na mtungi wa gesi wa pauni 20, yaani kilo 9 hivi, waweza kulilisha jokofu la kadiri kwa wiki mbili au zaidi. Mengi yake hukubali pia umeme wa nyumba, na mengine hukubali umeme wa betri. Lakini lina masharti. Kwanza, lataka kusimama sawasawa, kwa kuwa amonia na maji hutembea kwa kuteremka tu. Gari likisimama mshazari kwa muda mrefu na jokofu likiwaka, mabomba huungua ndani, na ubovu huo aghalabu hautengenezeki. Mwenye nalo na awe na pimamaji kama ya fundi mwashi. Pili, lahitaji matundu ya hewa nyuma yake, la chini na la juu, yasizibwe. Tatu, hushindwa na joto kali. Katika kiangazi cha Arizona, joto lipitapo digrii 40, huenda lisifike kabisa kile kipimo tulichokitaja. Nne, ni la polepole: yafaa liwashwe tangu jana yake.

Aina ya pili ni jokofu la kompresa liendeshwalo na betri ya volti 12. Hili lina mota ndogo isukumayo gesi ya kupozea, kama jokofu la nyumbani, lakini limeundwa kwa ajili ya gari na mashua. Hupoza upesi, halijali sana mshazari wala joto, wala halihitaji mwali wa moto. Linapofanya kazi hula ampea 3 hadi 5, kisha hupumzika, kisha huanza tena. Kwa siku nzima hutumia takriban ampea-saa 30 hadi 60, kwa kadiri ya ukubwa wake na joto la nje. Aibu yake ni moja: betri zikiisha, nalo limekwisha.

Aina ya tatu ni jokofu la nyumbani lililotiwa ndani ya gari. Ni kubwa, na kwa ukubwa wake bei yake ni nafuu, na mama wa nyumba hulipenda kwa kuwa amelizoea. Lakini lataka umeme wa volti 120, na penye betri peke yake ni lazima kiwepo chombo kiitwacho inveta, kigeuzacho umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba. Inveta nayo hula ushuru wake, hata wakati jokofu limepumzika. Ukijumlisha yote, jokofu hilo laweza kumaliza ampea-saa 120 hata 150 kwa siku.

Sasa na tutahadharishe jambo moja linalowaponza wengi. Yako majokofu ya moto yanayoandikwa kwamba hufanya kazi kwa njia tatu: gesi, umeme wa nyumba, na betri. Mnunuzi husoma neno "betri" akafurahi. Hajui kwamba kwa njia hiyo jokofu hula ampea 10 hadi 15 bila kupumzika. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, ambayo nusu yake tu ndiyo yafaa kutumiwa, itakwisha kwa muda wa saa tatu hadi tano. Njia hiyo imewekwa kwa wakati gari linapokwenda na injini yajaza betri. Haikuwekwa kwa ajili ya usiku.

Daftari la umeme

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Watu wengi huenda dukani kwanza, wakapenda jokofu kwa rangi yake na rafu zake, wakalinunua, kisha wakaanza kutafuta umeme wa kulilisha. Huko ni kununua ng'ombe kabla ya kujua kama majani yapo. Njia iliyo sawa ni kuanza na hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Na umeme wa betri ni mali.

Mfano wa umeme ni maji. Volti ni kimo cha pipa, ampea ni wingi wa maji yapitayo katika bomba, na ampea-saa ni jumla ya maji yaliyomo ndani ya pipa. Sasa tuchukue ile aila ya Columbus, watu watano, wenye jokofu la kompresa, nao wanataka kukaa jangwani mahali pasipo plagi. Tuandike matumizi ya siku moja:

Jokofu, ampea-saa 50.
Feni ya darini, ampea 2 kwa saa 8, ampea-saa 16.
Taa, ampea-saa 5.
Simu za mkononi, ampea-saa 5.
Pampu ya maji, ampea-saa 3.

Jumla ni 79. Na tuseme 80. Tazama, ewe msomaji, jokofu peke yake lala zaidi ya nusu ya mapato yote. Ndiyo maana twasema mwenye kuchagua jokofu amechagua pia betri zake na paneli zake, akijua au asijue.

Mwenye busara huweka akiba ya siku mbili zisizo na jua. Basi 80 mara mbili ni 160. Betri za risasi zisitumiwe kupita nusu yake, la sivyo umri wake hukatika. Kwa hiyo zahitajika ampea-saa 320, nazo ni betri nne za ampea-saa 100, kwa kuwa tatu hazitoshi. Betri za lithiamu huweza kutumiwa hata sehemu nne katika tano bila madhara. Kwa hiyo mbili za ampea-saa 100 zatosha barabara. Bei ya betri moja ya lithiamu ni kubwa zaidi, lakini uzito wake ni chini ya nusu ya ile ya risasi, na umri wake ni mrefu kwa mbali. Hata hivyo ina mwiko mmoja: isijazwe umeme wakati yenyewe imepoa chini ya digrii sifuri. Anayesafiri majira ya baridi na alikumbuke hilo.

Umeme watoka wapi?

Kujaza betri kuna njia nne, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni plagi ya kambini. Kambi za magari-nyumba Marekani aghalabu zina plagi ya ampea 30, itoayo wati 3,600, au ya ampea 50, itoayo hadi wati 12,000. Mwenye kulala kambini kila usiku hana haja ya kuhangaika. Jokofu lolote katika yale matatu litamfaa, hata la nyumbani.

Ya pili ni jua. Seli ya kwanza ya jua yenye kufaa kwa matumizi ilionyeshwa na maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954, na leo paneli zake zimejaa juu ya mapaa ya magari. Paneli ya wati 100 iliyolala juu ya paa hutoa takriban ampea-saa 25 kwa siku njema ya kiangazi. Aila yetu ihitajiyo 80 yataka paneli nne. Lakini kivuli ni adui: gari likiegeshwa chini ya mti ili watu wapate ubaridi, paneli hulala njaa. Na wakati wa baridi, siku zikiwa fupi na jua likiwa chini, mapato hupungua sana.

Ya tatu ni injini ya gari lenyewe, ambayo hujaza betri njiani. Ni njia njema kwa wanaohama kila siku. Mwenye betri za lithiamu yampasa aweke chaja maalumu kati ya injini na betri hizo, ili alteneta isichoshwe ikaungua.

Ya nne ni jenereta. Hiyo ni ya dharura na ya siku za mawingu. Ina kelele, yala mafuta, na kambi nyingi huikataza usiku.

Basi nani achague nini? Mwenye kulala penye plagi, na achague kwa ukubwa na bei. Mwenye kupenda nchi wazi zenye jua, kama wale wanaokusanyika majira ya baridi jangwani Quartzsite, Arizona, au wakaao katika ardhi ya umma ya serikali kuu, ambako aghalabu mtu huruhusiwa kukaa hata siku 14, jokofu la kompresa pamoja na jua ndilo limfaalo. Na mwenye kupenda misitu yenye vivuli na nchi za baridi, mahali pasipo jua la kutosha wala plagi, jokofu la gesi bado lina heshima yake. Ila akumbuke kwamba mengi ya siku hizi, hata yakiwaka kwa gesi, hutaka umeme kidogo wa betri kwa ajili ya mitambo ya kuyaongoza.

Hatari zisizoonekana

Chakula kikiharibika, pua hutambua mara nyingi. Lakini kuna hatari ambayo pua haiitambui. Moto usiopata hewa ya kutosha, na moshi wa jenereta, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi asiamke. Jenereta ya kubeba isiwashwe ndani ya gari wala chini ya dirisha. Iwekwe mbali, si chini ya mita 6, na moshi wake uelekezwe kwingine. Ndani ya gari kiwepo kengele cha kutambua hewa hiyo, na kijaribiwe kabla ya kila safari.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, bali hutambaa sakafuni, mahali wanapolala watoto. Kwa sababu hiyo kengele chake hufungwa chini karibu na sakafu. Mwali wa jokofu uzimwe kabla ya kuingia kituo cha petroli. Tena baadhi ya mahandaki ya barabara, kama lile la Baltimore Harbor huko Maryland, hayaruhusu magari yenye mitungi mikubwa ya gesi kupita. Dereva ajue njia yake mapema. Na betri za risasi za kutiwa maji hutoa haidrojeni zinapojazwa. Zisifungiwe mahali pasipo hewa.

Liko pia kosa la waya. Mtu hununua jokofu jema na betri njema, kisha huziunga kwa waya mwembamba kama uzi. Umeme hupungua njiani, jokofu huona betri imekwisha, likajizima usiku wa manane. Asubuhi lawama zote huangukia jokofu, na mwenye kosa ni waya. Waya uwe mnene, uwe mfupi iwezekanavyo, na fyuzi iwekwe karibu na betri.

Adabu za kulitumia

Jokofu lipozwe siku moja kabla ya safari kwa umeme wa nyumbani, wala lisitwikwe kazi ya kupoza chakula chenye joto. Nyama igandishwe nyumbani, ifungwe kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja, na iwekwe chini ili damu yake isidondokee matunda. Vitu visishindiliwe hadi hewa ikakosa pa kupita. Watoto wafunzwe kufikiri kabla ya kufungua mlango, si kuufungua ndipo wafikiri. Na umeme ukikatika, mlango usiguswe: jokofu lililofungwa huhifadhi ubaridi wake takriban saa nne. Likizidi hapo, kilicho ndani kitazamwe kwa kipimajoto, si kwa matumaini. Kutupa chakula ni uchungu, lakini tumbo la mtoto ni ghali kuliko ratili mbili za nyama.

Huenda msomaji wetu wa Pemba, wa Kigoma au wa Lamu akauliza: haya yanihusu nini mimi nisiye na gari-nyumba? Yakuhusu. Lile jokofu la moto la von Platen na Munters ndilo lililokuja kwetu likiwaka kwa mafuta ya taa, likahifadhi chanjo za watoto katika zahanati zisizo na umeme. Na leo mvuvi atakaye kuhifadhi samaki wake, au mwenye duka la kijijini atakaye kuuza maziwa baridi kwa nguvu ya jua, hesabu yake ni ile ile ya aila ya Columbus: nahitaji kiasi gani kwa siku, nitakipata wapi, na siku mawingu yakitanda nitakula akiba ipi?

Enyi vijana, chukueni kalamu na karatasi leo jioni, mkae na wazee wenu, mwandike matumizi ya kila chombo kabla hamjatia mguu dukani. Kazi hiyo ni ya nusu saa, nayo huokoa fedha za miezi. Atakayefika dukani na hesabu yake mkononi atajua ni jokofu lipi la kuliacha hata likiwa zuri, na muuzaji hatamchagulia. Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu salama ya kwenda na ya kurudi.